Mmea Mchanga Usiharakishwe Kuzaa



Mwaka jana, mwezi wa Mei, tulikwenda Wilmington, katika jimbo la North Carolina, Marekani, kumsaidia binti wa dada yetu aliyejifungua mtoto wa pili. Wa kwanza alikuwa na miezi 14 tu. Tulimkuta binti amekonda, macho yamemwingia ndani.

Dirishani aliweka vyungu viwili vya mmea unaokula wadudu, Dionaea muscipula. Asili yake ni sehemu za pwani za North Carolina na South Carolina, kwenye udongo wa majimaji usio na rutuba. Ndiyo maana hunasa wadudu. Mdudu akigusa vinyweleo vya jani mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi, jani hujifumba. Binti aliinunua kwa muuza miche, kwani tangu Desemba 2014 kuuiba porini huko ni kosa kubwa la jinai. Huinywesha maji ya mvua tu, wala haitii mbolea.

Yote miwili ilikuwa inatoa vikonyo vya maua. Ule mkubwa ulipochanua, alitufundisha kuuchavusha. Ua likifunguka, hutoa kwanza unga wa kiume, yaani chavua. Siku moja au mbili baadaye, ncha ya kike katikati hutoa vinyweleo, ikawa tayari kupokea. Basi tulichukua brashi ndogo laini, tukatoa chavua katika ua jipya na kuipaka kwenye ncha ya ua la jana.

Ule mdogo aliukata kikonyo kingali kifupi. "Mama mdogo, huu niliugawa juzi juzi, haujapata nguvu. Ukizaa sasa utadhoofika, hata kufa." Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Nimeuhurumia mmea kuliko nilivyojihurumia mwenyewe."

Akina mama, tusieleweke vibaya. Mtoto ni zawadi, si kikonyo cha kukatwa. Kupanga uzazi huanza kabla ya mimba. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akishajifungua apumzike angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba za karibu karibu huweza kumletea mama upungufu wa damu, na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Usingoje hedhi irudi ndipo uende kliniki. Mimba yaweza kutangulia. Nenda mapema, ukiweza pamoja na mwenzi wako, mchague njia inayomfaa mama anayenyonyesha.

Jioni ile binti alizungumza na mumewe, na juma lililofuata walikwenda kliniki wote wawili.

Wiki sita baadaye tulipofunga mizigo, mmea mkubwa ulikuwa na mbegu nyeusi zinazong'aa. Ule mdogo haukuwa na mbegu, lakini ulikuwa umetoa majani mapya manne.