Msitupe vifaranga, tupeni chanjo

Watu wa Voi, tuache kusingizia upepo. Kuku wakianza kuharisha kijani, shingo zinapinda, na ndani ya wiki moja boma limebaki na manyoya tu, hiyo ni kideri, ile Newcastle. Haijali kama kuku wako ni wa kienyeji au wale wa kisasa mnaouziwa bei juu. Ndiyo maana picha za wanasiasa wakigawa vifaranga zinanichosha. Vifaranga bila chanjo ni kulisha kideri.

Na chanjo ipo! KEVEVAPI wanaitengeneza hapa hapa Kenya. Tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Shida ni chupa: moja ni ya kuku mia, na ukishachanganya dawa haikai. Mama mwenye kuku wanane ataifungua ya nini? Hapo ndipo tunaitaka kaunti: siku moja, kijiji kizima, boma kwa boma, kuanzia Kasigau hadi Wundanyi.

Na wewe unayekimbiza kuku mgonjwa sokoni kabla hajafa, eti usile hasara, unampelekea mwenzako kideri kwa kikapu.