"Na" ya Watu na "Na" ya Mashine



Muhula uliopita mwalimu aliniagiza nitoe katika kompyuta orodha ya wanafunzi wa Kisinga na wa Bwera, ili wapangiwe gari la kwenda likizo. Nikaandika programu vile vile nilivyoambiwa: kwao Kisinga NA kwao Bwera. Karatasi ikatoka tupu. Wenzangu walicheka sana, nami nikadhani mashine imeharibika. Kumbe haikukosa neno. Niliiuliza habari za mtu ambaye kwao ni Kisinga na Bwera kwa pamoja, na mtu huyo hayuko.

"Na" ya watu hukusanya, "na" ya mashine huchuja. Nilipaswa kuandika AU. Hiyo nayo yapotosha, maana akuulizaye, "Chai au uji?" hatazamii useme vyote, lakini mashine hukubali kimojawapo, na vyote viwili pia.

Hesabu hizi alizianzisha George Boole, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kufundisha chuo cha Cork; kitabu chake kikubwa kilitoka 1854. Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwamba swichi za umeme zafuata kanuni zizo hizo.

Sisi twakariri majedwali ya kweli na uongo kama katekisimu, na siku ya mtihani yatukimbia. Naona hiyo si njia. Wilaya yetu ya Kasese iliona Mto Nyamwamba ukifurika 2013, na tena 2020. Basi tukumbuke kwa madaraja. Njia yenye madaraja mawili, moja mbele ya jingine, ni NA: hupiti ila yote yawe mazima. Madaraja mawili kandokando juu ya mto mmoja ni AU: moja zima latosha. SI ni kuvunjika.

Hapo hata kanuni ya De Morgan, iliyotutoa jasho darasani, yawa nyepesi. Njia ya NA hufungwa lini? Likivunjika daraja la kwanza AU la pili. Na ile ya AU? Yakivunjika la kwanza NA la pili. Ukikanusha, "na" hugeuka "au", na "au" hugeuka "na". Mdogo wangu alinijibu hayo bila jedwali lolote.

Ile orodha niliitoa upya, neno moja tu limebadilika. Gari likaondoka limejaa, nami nikasimama njia nzima.