Theluji Tuwaachie Wenyewe

Jamani, nina ugomvi na leo sitaumeza.

Kila mwaka baridi inapoingia hapa Nairobi, kuanzia Juni hadi Agosti, kuna neno moja linalozunguka kwenye vijiwe vyetu sisi tunaojiita wapenda sanaa. Eti muziki wa kusikiliza wakati wa baridi ni ule wa Wazungu: gitaa moja, sauti ya mnong'ono, mtu kafungiwa ndani na theluji na mpenzi wake kamwacha. Na muziki wetu je? Ah, huo ni wa kuchezea, wanasema. Ni wa jua kali, wa harusi, wa matatu na wa bia. Ukitaka kujifunika blanketi, uwaze, labda uandike shairi, basi lazima masikio yako yapande ndege kwanza.

Nasema huo ni uongo. Tena si uongo mdogo, kwa sababu unatuharibia kalamu.

Tuanze na baridi yenyewe, maana wako watu wanaodhani Mwafrika hana haki ya kutetemeka. Nairobi iko karibu na ikweta, kweli, lakini imekaa juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Julai wingu hutanda siku baada ya siku, jua linakuwa hadithi, na usiku joto hushuka hadi kama nyuzi 12 za Sentigredi au chini ya hapo. Nenda Limuru ukaulize ukungu ni nini. Nenda Njombe upande wa Tanzania, uone watu walivyojifunga makoti mchana kweupe. Na huko pwani, ambako tunadhani ni joto tu mwaka mzima, wazee wana jina la msimu huu: kipupwe. Watu waliouita msimu kwa jina lake tangu enzi za majahazi hawakwenda kuazima baridi kwa mtu.

Lakini baridi yetu haifanani na ya Ulaya, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kule majira ya baridi huja na usiku mrefu, miti inavuliwa majani, na mtu hujifungia katika nyumba yenye joto akaitazama baridi kupitia kioo. Kwetu, usiku na mchana hubaki karibu sawa mwaka mzima. Miti inabaki na majani yake. Na baridi haikai nje ya dirisha. Inaingia, inavua viatu, inakaa nasi kitandani. Nyumba nyingi za mitaa yetu hazina kitu cha kupasha joto ila jiko, chai ya tangawizi na miili ya watu wengine. Kwa hiyo baridi ya Ulaya humtenga mtu. Yetu hutusogeza tukae watano kwenye kochi la watu watatu. Sasa niambie, iweje muziki wa mtu aliyejitenga uwe ndio kipimo cha baridi ya watu waliobanana?

Msinielewe vibaya. Sisemi kazi zao ni mbaya. Franz Schubert alipotunga Winterreise mwaka 1827, nyimbo 24 za sauti na piano juu ya mtu anayetembea peke yake kwenye barafu, alikuwa amebakiza mwaka mmoja hivi wa kuishi, na baridi ya Vienna aliijua kwa ngozi yake. Justin Vernon, yule wa Bon Iver, alikwenda kujichimbia katika kibanda cha baba yake huko Wisconsin, Marekani, majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007, akatoka na nyimbo za For Emma, Forever Ago. Kate Bush alitoa 50 Words for Snow mwaka 2011, nyimbo saba tu lakini zaidi ya saa nzima, theluji mwanzo mpaka mwisho. Nawavulia kofia wote watatu. Waliimba kilichowagonga dirishani kwao. Ugomvi wangu si nao. Ugomvi wangu ni na sisi tunaochukua dirisha lao tukalitundika kwenye ukuta wa mabati.

Matokeo yake nayaona kila ninapopewa mashairi ya vijana wenzangu niyasome. Mapenzi "yanaanguka kama theluji". Moyo "umeganda kama ziwa". Msichana anakaa "kando ya moto ukutani", na huyo msichana anaishi ghorofa ya nne Umoja, ambako ukiwasha moto ukutani mwenye nyumba atakutoa na virago usiku huo huo! Mwandishi hajawahi kuishika theluji mkononi. Ameisikia kwenye nyimbo. Ameazima hisia pamoja na hali ya hewa yake, kama mtu anayeazima koti na barua za mapenzi zilizosahauliwa mfukoni.

Na ugonjwa huu hatukuuanza sisi. Wazazi wetu walituonyesha njia. Desemba, mwezi wa joto, redio zilitupigia Jim Reeves na Twelve Songs of Christmas yake ya mwaka 1963, kisha Christmas Album ya Boney M ya mwaka 1981. Mombasa nzima inatoka jasho, watu wanajipepea kwa magazeti, na redio inaota Krismasi nyeupe. Tulicheka? Hatukucheka. Tuliimba. Basi tukakua tukiamini kwamba majira ya kweli ni yale ya kwenye santuri, na haya yetu ya nje ni makosa ya hewa.

Haya, nitaulizwa: wewe unayefoka, unasikiliza nini Julai? Swali zuri. Nitataja albamu nne, na kila moja nitaitetea.

Ya kwanza ni En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada, ya mwaka 1993. Huyu ni Mkenya aliyeibeba nyatiti, kile chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane, akaipiga mpaka kwenye njia za treni za chini ya ardhi za London, kabla hata hajatoa albamu hiyo. Alifariki mwaka 2019. Wengi wanaujua wimbo mmoja tu, Kothbiro, kwa sababu ulitumika katika filamu The Constant Gardener ya 2005. Jina lake ni habari ya mvua inayokuja. Mvua, bana! Si theluji. Hebu usikilize siku ile wingu limeshuka mpaka juu ya mapaa, halafu uniambie kama kuna gitaa la Wisconsin linaloijua siku hiyo kuliko nyatiti. Ni muziki wa taratibu, lakini hauko peke yake. Unasikia kwamba anayeimba anamwita mtu arudi nyumbani.

Ya pili ni Chibite ya Hukwe Zawose, 1996. Mgogo wa Dodoma, mwalimu wa sanaa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 2003. Sauti yake inashuka kisimani halafu inapanda juu ya mbuyu bila ngazi. Ilimba yake ile kubwa inavuma kama nyuki waliojikusanya mzingani wapate joto. Wanaosema muziki wetu hauna utulivu hawajamkalia chini Zawose hata robo saa.

Ya tatu ni Mtindo wa Mombasa ya Zein Musical Party, 1990. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliupiga udi kama mtu anayeongea na mgeni usiku, pole pole, asiwaamshe watoto. Sisi waandishi tunapaswa kuona haya kuhusu albamu hii. Tunatafuta ushairi kwenye vikaratasi vya albamu za Kiingereza, na hapa kuna Kiswahili cha mwambao kinachoimbwa neno kwa neno, kila mstari umepimwa mizani. Kwani tunataka nini tena?

Ya nne ndiyo itakayoleta kelele: Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, 1989. Mtasema hiyo ni dansi. Ndiyo, ni dansi! Nani aliwaambia baridi lazima isikilizwe ukiwa umekaa? Magitaa yale yanaingiliana kama vidole vya watu wanaoshikana mikono, nyimbo hazina haraka, na Dakta anazungumza na mnyonge bila kumwonea huruma ya bandia. Ukiketi, utawaza. Ukisimama, utapata joto. Albamu inayokupa yote mawili katika chumba kisicho na jiko ndiyo albamu ya baridi kuliko zote.

Sasa mjanja mmoja atanyanyua mkono: "Lakini ndugu, hizo albamu zako zote zimetolewa Uingereza." Ni kweli, na sitaki kukwepa. Tatu kati ya hizo zilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na ile ya Zein ilitolewa na GlobeStyle ya London. Hapa kwetu kwa miaka mingi muziki uliuzwa kwenye santuri ndogo, wimbo upande huu na wimbo upande ule. Wimbo ukiwa mrefu ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili geuza. Bendi ilipimwa kwa wimbo uliotikisa baa wiki ile. Kazi ndefu, ya kusikilizwa toka mwanzo hadi mwisho kama kitabu, haikuwa na soko, au tuseme hakuna aliyelijenga hilo soko. Mwingereza akaja, akaona wanamuziki wetu wana ya kusema kwa saa nzima, akawapa saa nzima.

Je, hiyo inaondoa hoja yangu? La hasha, inaitia makali. Muziki ulikuwa wetu, subira ndiyo iliyokuwa yake. Alimsikiliza Zawose kwa makini wakati sisi tulikuwa tunamweka Zawose kwenye uwanja wa ndege kumpokea mgeni wa serikali, dakika tano, asante, kaa pembeni. Halafu leo tunashangaa kwamba "muziki wetu ni wa shughuli tu". Sisi ndio tulioufanya wa shughuli. Hatukuukalia.

Na kuukalia ni kazi ya nani, kama si yetu sisi wa kalamu? Hesabu mwenyewe ni mara ngapi umesoma kwa Kiswahili maandishi marefu kuhusu albamu moja, wimbo baada ya wimbo, kwa nini huu umefuata ule, kwa nini ngoma imenyamaza hapa. Kwa Kiingereza kila santuri iliyorekodiwa kwenye kibanda cha Mzungu ina maelfu ya kurasa. Kijana anayesoma hizo kurasa anaamini, kwa haki kabisa, kwamba huko ndiko kwenye mambo mazito. Hakuna aliyemwandikia lolote kuhusu udi wa Zein.

Basi nawatupia changamoto, na najua wengine mtanuna. Julai ijayo chagua albamu moja iliyoimbwa kwa lugha inayosemwa mtaani kwenu au kwa bibi yako. Siku hizi huna hata kisingizio cha kaseti iliyoliwa na mashine. Nyingi zinapatikana kwenye simu hiyo unayoitumia kutafuta picha za theluji. Isikilize yote bila kuruka wimbo. Isikilize na watu, kochi likibanana ndio vizuri. Kisha andika, kwa Kiswahili, ulichosikia, na uandike baridi iliyokuwa chumbani: ya kijivu, ya unyevu, yenye harufu ya makaa na sweta ambayo haikukauka. Kama shairi lako halina sweta isiyokauka, mimi sitaamini kwamba uliwahi kuona Julai.

Theluji ina wenyewe, na wameiimba vizuri. Nani ataiimba sweta?