Tamko la Akina Mama wa Kizigua Tuliotoka Bonde la Juba

Sisi akina mama, tunaoishi sasa wilayani Handeni, Tanzania, tunatoa tamko hili kwa ajili ya ndugu zetu waliobaki Somalia. Wazee wetu waliuzwa kutoka pwani ya nchi hii katika karne ya 19, wakapelekwa kulima mashamba ya bonde la Shabelle, Somalia. Waliotoroka walikimbilia Mto Juba, na masimulizi yetu yanasema aliyewaongoza ni mwanamke, Wanakhucha. Kizigua chao tulirudi nacho; Handeni hatukuhitaji mkalimani.

Wakoloni wa Kiitaliano walipiga marufuku utumwa, kisha wakawakamata wazee hao hao kwa kazi za shuruti kwenye mashamba ya migomba. Sheria ya Somalia ya mwaka 1975 iliifanya ardhi kuwa mali ya serikali na kudai isajiliwe. Waliosajili ni wenye jamaa Mogadishu. Mama aliyekuwa na jembe tu alibaki kibarua katika shamba lake. Vita vilipozuka mwaka 1991, wanamgambo walifukua hata mashimo tuliyohifadhia nafaka. Njaa ya 1992 ilitukuta ghala tupu.

Leo wengi wa wanawake wetu waliobaki wako kwenye kambi za wakimbizi wa ndani Mogadishu. Mama anashinda akifua nguo za watu, na mgao wa msaada ukifika, msimamizi wa kambi hukata fungu lake kwanza. Akilalamika, anaitwa adoon, yaani mtumwa. Halafu unakuja mradi wa kumwezesha mwanamke, na orodha ya majina inaandikwa na msimamizi yule yule! Cherehani ya mradi hatuikatai, ila haijawahi kumrudishia mtu shamba.

Katiba ya muda ya mwaka 2012 ilikataza utumwa na ubaguzi. Pamoja na hayo, madaraka yanagawanywa kwa fomula ya 4.5: koo kubwa nne, kila moja fungu zima, na sisi Wabantu wa Somalia tunabanwa pamoja na wengine ndani ya nusu. Viti vya wanawake bungeni navyo hupitia mlango huo wa ukoo.

Tunaitaka Serikali ya Shirikisho ya Somalia ifute fomula hiyo, irejeshe mashamba ya Juba yaliyoporwa, na hati ziandikwe kwa majina ya wanawake wanaoyalima. Wafadhili wasikabidhi mkopo wala msaada kwa msimamizi wa kambi. Fedha zipitie vikundi vya upatu vya akina mama wenyewe, na taarifa za mradi zionyeshe wanawake wa Kibantu wangapi wamepokea, na kiasi gani.