Amani haitoki ndani ya violini

Kila mara wageni wanapotuletea tamasha ya amani, tunapiga makofi, tunacheza, kisha tunarudi nyumbani. Je, kesho yake Masisi na Walikale zinakuwa zimebadilika? Hapana.

Hatukatai muziki. Mwaka 1999, kule Weimar, Ujerumani, Daniel Barenboim, Muisraeli, na Edward Said, Mpalestina, waliunda orkestra ya West-Eastern Divan. Ndani yake vijana Waisraeli na Waarabu wanakaa bega kwa bega, wanasoma nota pamoja. Dunia iliwasifu. Lakini Barenboim mwenyewe alikana kwamba orkestra inaleta amani. Kwake ilikuwa ya kupigana na ujinga wa kutojuana. Na kweli, vita vya Gaza vilivyowaka 2023 havikuzimwa na violini.

Sasa, juu ya nini tunafikiri somo hili ni la Ulaya tu? Mwaka 1956 mzee Candi Rureke, Munyanga wa Walikale, aliimba karisi ya Mwindo mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck. Yeye aliimba na kucheza, vijana wakagonga miti, watu wakaitikia. Kitabu kilitoka 1969. Mwindo anamkamata baba yake aliyetaka kumuua, lakini hamuui: wanapatana, wanagawana utawala. Hiyo si orkestra? Hilo si somo la amani?

Leo tukiwauliza wanafunzi wetu Mwindo ni nani, wananyamaza. Lakini nyimbo za kutukana kabila la jirani wanazijua kwa kichwa! Tangu mauaji ya soko la Ntoto, Machi 1993, hata ngoma zetu zimegawanyika. Wenye kosa ni sisi walimu kwanza.

Kila shule iwe na kikundi kimoja cha makabila yote. Mtoto Muhunde ajifunze ngoma ya Wahutu, Muhutu aitikie karisi ya Wanyanga. Mututsi, Mutembo na Mukumu vilevile. Si siku moja ya sherehe, ni mwaka mzima wa masomo. Tuko na ngoma. Violini si lazima.

Mutasema: bunduki zinalia, nani atasikia ngoma? Tunajua, ngoma haizimi bunduki. Lakini siku bunduki zitanyamaza, watoto hawa watakutana sokoni. Afazali wawe wamekwisha kuzoea kuitikiana.