Marubani Walioponea Chupuchupu na Waseme

Rubani ameshuka, amezima injini, anajipangusa jasho. Anamvuta mwenzake kando na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba leo nusura agongane na ndege nyingine. Ilimpitia karibu kiasi cha kuzisoma herufi za ubavuni. Wanacheka kicheko cha watu walioogopa. Mmoja anasema, siku zako hazijafika, ndugu yangu. Chai inaletwa, abiria wengine wanapakiwa, ndege inaruka tena, na habari ile inazikwa pale pale kwenye vikombe. Mambo ya namna hii husemwa kwenye viwanja vya ndege ndogo pande zote za dunia, na sisi wa Afrika Mashariki, kuanzia Wilson na Arusha hadi vijiwanja vya vumbi vya Mara na Serengeti, hatukosi ya kwetu.

Nasema habari ile si ya kuzikwa. Aliyeponea chupuchupu angani amekabidhiwa jambo lisilo lake peke yake. Ni amana ya kila atakayepita anga ile kesho, na kuinyamazia ni khiyana. Neno hilo ni kali, najua, nami nitalitetea.

Tarehe 5 Machi 2024, asubuhi, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliondoka Wilson, Nairobi, kwenda Diani ikiwa na watu 44. Angani palikuwa na Cessna 172 ya mafunzo, ndani yake mwalimu na mwanafunzi wake. Zikagongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ile kubwa iliweza kurudi na kutua salama. Wale wawili wa Cessna walikufa. Sina nia ya kusema nani alikosea, maana hiyo ni kazi ya wachunguzi. Swali langu linahusu siku za kabla yake. Wilson ni kiwanja kilichobanwa na jiji upande mmoja na mbuga upande mwingine, na anga yake hutumiwa na wanafunzi, watalii, madaktari wa ndege na wasafirisha miraa, kila mmoja na haraka yake. Mahali kama pale, watu hupishana kwa bahati mara ngapi kabla bahati haijaisha? Na katika mara hizo, ni ngapi zimeandikwa mahali zikasomwa na mwingine?

Watu hunyamaza kwa sababu ya aibu. Rubani anadhani akisema "sikuiona" atakuwa amekiri uzembe. Basi tulitazame jicho lenyewe, tuone kama linastahili kuaminiwa namna hiyo.

Ndege zinazoruka kwa kutegemea macho zina kanuni kongwe: ona, kwepa. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja aende kulia kwake. Njia zikikatana, mwenye mwenzake upande wa kulia ndiye apishe. Na wakiwa juu vya kutosha, waelekeao mashariki hushika maelfu ya witiri na kuongeza futi mia tano, kama 5,500 au 7,500, na waelekeao magharibi hushika ya shufwa, kama 6,500 au 8,500. Utaratibu mzuri kabisa, ila haufanyi kazi mahali ambapo watu wanapanda na kushuka, yaani karibu na viwanja, na huko ndiko ndege nyingi hugongana, tena mchana kweupe, hali ya hewa ikiwa shwari.

Chukua Cessna mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda kilomita 200 kwa saa. Kila sekunde zinakaribiana mita 111. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, imewahi kupiga hesabu kwamba tangu jicho lidake kitu mpaka ndege ianze kugeuka hupita sekunde 12.5: kutambua kuwa ni ndege, kung'amua kuwa mnaelekea kugongana, kuamua uende wapi, mkono kusogeza usukani, na ndege yenyewe kuitikia. Katika muda huo karibu mita 1,400 zimekwisha. Ina maana ukimwona mwenzako akiwa mita elfu moja mbele yako, umechelewa kwa mujibu wa hesabu, hata kama wewe ni hodari. Na mabawa ya mita 11 yakiwa mbali mita 1,400 hayafikii hata upana wa mwezi mpevu, tena hayana mviringo wala mng'aro wa mwezi. Ni mstari mwembamba mbele ya mawingu au vichaka.

Kuna hila kubwa kuliko hiyo. Ndege ambayo itakugonga haisogei kiooni. Jicho la binadamu huvutwa na kinachotembea, na ndege itakayokupita mbali hutembea kiooni, kwa hiyo huiona. Ile ya kukuua imetulia mahali pamoja, pengine nyuma ya nguzo ya dirisha, pengine ndani ya doa la mdudu aliyepasuka, ikikua kidogokidogo, kisha sekunde za mwisho inafura ghafla na kujaza kioo kizima. Ongeza umbo la ndege zenyewe: Cessna 172 ina bawa juu ya kichwa cha rubani, Piper nyingi zina bawa chini yake. Piper ikiwa juu na Cessna chini, zote mbili zikishuka kutua kwenye njia moja, kila rubani amezibwa macho na ndege yake mwenyewe.

Watafiti wa Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT walilijaribu jambo hili. Waliwarusha marubani ambao waliambiwa kuwa utafiti ni wa mzigo wa kazi ndani ya chumba cha rubani, kisha wakawapitishia ndege nyingine karibu. Katika mikutano 64, ndege ile ilionekana mara 36. Hawa walikuwa watu wazima wenye leseni, wenye macho yaliyopimwa na daktari. Sasa aibu iko wapi? Anayesema "sikuiona" hajakiri ulevi wala usingizi. Ameeleza namna Mungu alivyomuumba.

Wengine watasema dawa ni redio. Redio inasaidia sana, na rubani anayeingia kijiwanja kisicho na mnara bila kutangaza ninamshangaa. Lakini huko Watsonville, California, kwenye kiwanja kisicho na mnara wa kuongozea ndege, tarehe 18 Agosti 2022, Cessna 152 ilikuwa inazunguka kwenda kutua, na Cessna 340 ya injini mbili ikaja kwa njia iliyonyooka na kwa kasi kubwa mno. Wote wawili walikuwa wakitangaza redioni. Walisikiana, na bado wakagongana. Watu watatu walikufa. Yeyote anayeruka kwenda vijiwanja vya mbugani anaijua hali hiyo: ndege za watalii zinafika kwa mafungu, saa zilezile, na huyu wa mwendo wa pole anamsikia wa mwendo wa kasi akisema yuko umbali fulani, wala hajui umbali ule utamalizwa kwa dakika ngapi.

Mficha maradhi kifo humfichua. Marekani walilijua hilo kwa gharama kubwa, na ingawa kisa chao ni cha ndege na mlima, si cha ndege na ndege, kinatuhusu. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya shirika la TWA ilikuwa ikielekea kutua Dulles, karibu na Washington. Marubani walipopewa ruhusa ya kukaribia kiwanja, waliielewa kuwa wanaweza kushuka hadi futi 1,800. Wakapiga Mlima Weather, Virginia, na watu wote 92 wakafa. Wachunguzi walipochimba, wakakuta kwamba majuma sita tu kabla yake ndege ya shirika jingine, United, ilikuwa imeielewa ruhusa vivyo hivyo, ikashuka vivyo hivyo, ikaponea chupuchupu mahali pale pale. Marubani wake walisema. Shirika lao likawaonya marubani wake. Likaishia hapo. Onyo lilikuwa limeandikwa tayari, ila lilikuwa ndani ya nyumba ya jirani.

Mwaka 1976 wakaanzisha utaratibu, tuuite daftari, wa kupokea taarifa kwa siri, na wakafanya jambo la busara ambalo ningependa wakubwa wetu walizingatie: hawakulikabidhi daftari lile kwa mamlaka yenye kutoza faini na kunyang'anya leseni. Walilikabidhi kwa NASA, watu wa sayansi. Rubani anaandika kisa chake, kipande chenye jina lake kinakatwa na kurudishwa kwake kikiwa na mhuri, na kisa kinabaki bila mwenyewe. Akiwa ameandika ndani ya siku 10, na kosa lake halikuwa la makusudi wala la jinai wala halikuleta ajali, mamlaka ikija kumkuta na hatia haitamwadhibu. Taarifa zilizopokelewa tangu hapo zinapita milioni moja, na wenye daftari wanajivunia kwamba hawajapata kuvujisha jina la mtu.

Nasikia sauti ya mlalamikaji: je, hapo si wakosaji watajificha nyuma ya karatasi? Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake limo katika yale yaliyobaguliwa. Aliyeruka amelewa, aliyeshuka chini kuwachezea watu ufukweni, aliyefanya jinai, hao hawana kinga. Kinga ni ya aliyekosea akiwa kazini kwa nia njema. Na huyo, ukimwadhibu kwa kusema, hutapata mkosaji mwingine tena. Utapata mashahidi bubu.

Tazama Japani. Tarehe 31 Januari 2001, ndege mbili kubwa za shirika moja, zenye jumla ya watu 677, zilipishana kwa nafasi ndogo ya kutisha. Mwongoza ndege alichanganya namba za safari, akamwambia rubani ashuke wakati mtambo wa kuonya migongano ndani ya ndege ulimwambia apande. Rubani akamtii mwongozaji. Ndege ya pili, kwa kuutii mtambo wake, nayo ikashuka. Watu wapatao mia moja waliumia, hakuna aliyekufa. Miezi 17 baadaye, tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege mbili zilijikuta katika mtego uleule: mtambo ukisema panda, mwongozaji akisema shuka, rubani mmoja akamtii mwongozaji. Safari hii hazikukosana. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto. Kisa cha Japani hakikuwa siri hata kidogo, kilijaa magazetini, lakini uchunguzi wake ulikuwa haujatoa ripoti ya mwisho, na marubani walikuwa bado hawajapewa neno moja thabiti la yupi atiiwe. Na waongozaji wale wa Japani walishtakiwa. Mwaka 2010 mahakama ya juu kabisa ya nchi ikathibitisha hatia yao. Mwongoza ndege kijana akiyasoma hayo, atakimbilia kalamu au atakimbilia wakili?

Kwa hiyo naanza na ninyi wenye kampuni. Rubani akija na kisa, msiulize kwanza kwa nini amechelewa safari ya saa nne. Kalenda ya msimu wa watalii mnaipanga ninyi, na ndege tano kwenye kijiwanja kimoja kwa robo saa si kazi ya shetani. Walimu wa urubani nawaomba zaidi: mwanafunzi anajifunza kunyamaza kutoka kwenu kama anavyojifunza kutua. Mkikwepa ndege naye yuko kando yenu, kaeni chini siku hiyohiyo, mwandike pamoja, aone kuwa mwalimu wake haoni haya. Nasi waandishi wa habari tuache kupachika "uzembe wa rubani" kwenye kichwa cha habari kabla moshi haujatulia. Tumewafunga wengi vinywa kwa maneno hayo matatu.

Kwa upande wa mamlaka, hakuna cha kubuni. Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago kinazitaka nchi ziwe na njia ya kutoa taarifa kwa hiari na zimlinde mtoaji. Linalobaki ni kuaminika, na mtu hamwamini anayeshika leseni yake kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, pale Entebbe, ambao kazi yake ni kusimamia ulinganifu wa nchi wanachama. Daftari la pamoja lingekaa vizuri huko, mbali na meza za leseni za Nairobi na Dar es Salaam, maana ndege iliyotoka Wilson asubuhi inaweza kuwa Kilimanjaro kabla ya adhuhuri. Taarifa zipokelewe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ili fundi wa kijiwanjani na hata abiria aliyekiona kisa dirishani waweze kuandika. Karatasi moja inatosha: tarehe na saa, mahali, urefu kwa futi, mlikuwa mkielekea wapi, masafa gani ya redio, jua lilikuwa upande gani, nani alimwona nani kwanza. Na kila mwezi visa vilivyofutwa majina vibandikwe ukutani mwa kila chumba cha marubani, kando ya ramani.