Kusoma Hadithi kwa Furaha

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipate kunena juu ya jambo ambalo wenzetu wengi hulidharau, nalo ni kusoma hadithi kwa furaha tu.

Juzi, saa ya mapumziko, nalikuwa nimeketi barazani hapa Moshi nikisoma "Mashimo ya Mfalme Sulemani." Akapita mwenzetu mmoja, mtu mzima aliyenizidi cheo, akaniuliza, "Je, kitabu hicho ni cha mtihani?" Nikamjibu, la. Akatikisa kichwa, akasema kwamba karani asomaye hadithi hupoteza wakati ambao angejifunza kanuni za kazi akapata nyongeza ya mshahara. Nilinyamaza, maana ni mkubwa wangu. Leo namjibu kwa heshima.

Kitabu hiki kilitungwa na Rider Haggard mwaka 1885, na tafsiri ya Kiswahili, kazi ya Bwana Frederick Johnson, ilipigwa chapa mwaka 1929. Ndani yake mna Waingereza watatu wanaomtafuta ndugu aliyepotea pamoja na hazina ya Sulemani. Baada ya kunusurika na kiu jangwani, wasafiri wanapanda milima yenye theluji, na mtumishi wao mmoja anakufa kwa baridi usiku pangoni. Nilipofika hapo niliinua macho nikaiona Kibo, ambayo theluji yake siku hizi imepungua sana, nikahisi baridi mgongoni ingawa jua lilikuwa kali. Mtihani gani uliopata kunitia baridi ya namna hiyo? (Ya woga, nyingi.)

Wako watakaosema kwamba hiki ni kitabu cha watawala. Ni kweli, mna maneno yanayouma, na kifo cha yule binti Foulata kimewekwa mahali pa kumfaa mwandishi kuliko pa kumfaa binti. Lakini yule Umbopa, ambaye wageni walimchukua kama mtumishi, ndiye Ignosi, mfalme wa haki wa nchi ile. Na mwishoni anakataa wafanya biashara wasimletee bunduki na pombe. Nilipokuwa nikisoma nilikuwa upande wake tangu mwanzo hata mwisho, wala sikuhitaji ruhusa ya Haggard.

Tena, mambo ya namna hii hayakuhitaji kubuniwa. Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, bwana Cooley, mwanajiografia wa London, alikataa katakata, kwa sababu ni karibu na ikweta. Naye Rebmann alisimuliwa kwamba zamani Mangi Rengua wa Machame aliwatuma watu wapande wakakichunguze kile kitu cheupe kileleni. Akarudi mmoja tu, aitwaye Sabaya, mikono na miguu yake imepindwa na baridi.

Nauliza, hao wenziwe walikuwa akina nani? Nani alikufa kwanza, na Sabaya alisema nini mbele ya Mangi alipoonyesha mikono yake? Hadithi hiyo ningeisoma usiku kucha, hata mafuta ya taa yakaisha. Ikiwa yuko msomaji wa Machame aliyeisikia kwa wazee wake, namsihi aiandike aipeleke kwa Bwana Mhariri, nami nitaisoma barazani, saa ya mapumziko, mbele ya mkubwa wangu yule.

Ni mimi, Karani Msomaji,
Moshi.